Ofisi Ndani ya Koti

Mfanyabiashara wa ng'ombe wa Bissil, Kajiado, miaka ya tisini, ofisi yake ilikuwa koti. Mfuko wa ndani ulishonwa upya kwa kitambaa cha turubai ili ustahimili mabunda ya noti. Mfuko wa nje ulibeba daftari jeusi: majina ya wadeni, rangi za ng'ombe, alama za masikio. Juu ya koti alijitanda shuka ili mtu asione palipofura. Mimi ni mtunza hesabu, naishi Kitengela, na wateja wangu wengi ni watu hawa. Baadhi ya madaftari yao ya zamani bado ninayo kabatini. Ukurasa mmoja una maneno ya penseli: "madume 4, jike mweupe 1, baki kwa mzee." Mzee gani, halikuandikwa. Wote sokoni walimjua.

Siku hizi kufanya kazi nje ya ofisi huzungumzwa kana kwamba kulizaliwa mwaka 2020 na watu wa Nairobi wenye kompyuta za mapajani. Barabara ya Namanga, inayopita Bissil, ina historia ndefu zaidi, na nimechoka kuona haiandikwi.

Tatizo la koti lilikuwa safari ya kurudi. Mtu akishauza kwenye machinjio ya Dagoretti, Nairobi, alipanda gari na fedha zote mwilini, akapita Athi River, Kitengela, Isinya na Kajiado mjini ndipo afike Bissil. Siku ya soko haikuwa siri, kwa hiyo majambazi nao waliijua. Wengine walivuliwa hadi viatu. Wengine, giza likiwakuta njiani, waliomba kulala kituo cha polisi mpaka kuche. Bei nayo hukuijua mpaka umefika machinjioni, na ng'ombe aliyekwisha kupakiwa lori hakurudishwa. Simu zilikuwa za shirika la serikali la posta na simu, KP&TC, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Ulipanga foleni kwenye kibanda na sarafu mkononi, ukiomba laini isiwe imekatika.

Shirika hilo liligawanywa mwaka 1999, na mwaka uliofuata Safaricom na Kencell zikaanza kuuza laini za simu za mkononi kwa kila mwenye uwezo. Safaricom ikatoza kwa sekunde. Kwa dalali wa mifugo hilo lilikuwa jambo kubwa: aliuliza bei, akajibiwa, akakata. Mtandao ulishikika juu ya vilima tu, kwa hiyo kila soko likawa na mlima wake wa kupigia simu. Asiye na salio aliflash, yaani alipiga akakata kabla ya kupokewa, akangoja apigiwe. Mzee mmoja aliniambia kwamba katika simu hizo hawakutaja fedha hata siku moja. Walisema "maziwa" wakimaanisha maelfu, kwa sababu mlimani kulikuwa na masikio mengi. Usalama wa mawasiliano waliutunga wenyewe, bila kufundishwa na mtu.

Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, ikaanza. Mwanzoni hukuweza kutuma zaidi ya shilingi 35,000 kwa mara moja, na ng'ombe wawili wazuri walitosha kuupita mpaka huo. Wafanyabiashara wakagawanya malipo: sehemu kwenye laini ya baba, sehemu kwenye laini ya kijana, iliyobaki taslimu. Koti lilipungua uzito polepole. Katika ukame wa mwaka 2009, mifugo ya Kajiado ilipokufa kwa wingi, simu hizo hizo ndizo zilizouliza nyasi ziko wapi, na ndizo zilizopokea fedha kutoka kwa watoto wenye kazi mjini.

Wezi nao walihama kutoka barabarani hadi kwenye meseji. Mnunuzi anakuonyesha ujumbe wa malipo, herufi zote sawasawa, hata namba ya muamala ipo, kumbe umeandikwa kwa mkono. Nimeona sokoni jinsi wazee walivyoliziba pengo hilo, na sijaona ofisi iliyoliziba vizuri zaidi. Muuzaji hashiki simu ya mnunuzi. Anafungua yake, anaangalia salio. Kisha anampigia mtu aliye nyumbani, mara nyingi binti aliyesoma, ambaye anapiga kwa namba anayoijua tangu zamani kuhakikisha mnunuzi ni yule yule. Muda wote huo kamba ya ng'ombe iko mkononi mwa muuzaji. Mnunuzi akianza kusema ana haraka, bei imekufa.

Walipokosea ni kwa mawakala wa M-Pesa. Mzee asiyesoma alimtajia wakala namba yake ya siri ili amtolee pesa. Na daftari la wakala lilikaa wazi mezani, jina, kitambulisho, namba ya simu na kiasi, yeyote aliye kwenye foleni aweze kusoma. Laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa mwisho wa 2012, na Sheria ya Kulinda Data ikaja 2019, lakini daftari wazi lilikuwa limeshafanya kazi yake mbaya kwa miaka.

Ndipo ikaja tarehe 6 Aprili 2020. Kwa sababu ya korona, Rais Uhuru Kenyatta alifunga Nairobi na viunga vyake, na mpaka wa kusini ukawekwa Kitengela. Sisi tukawa ndani. Isinya, Kajiado na Bissil zikabaki nje, kwenye kaunti ile ile. Malori ya mizigo yalipita kizuizini, mimi sikupita. Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango cha muamala mmoja kutoka 70,000 hadi 150,000, kwa hiyo wateja wangu walilipana bila shida. Vibali vya mifugo walinitumia picha kwa WhatsApp, wakieleza kwa sauti, nusu Kimaasai nusu Kiswahili, nami nikajaza vitabu mezani kwangu. Kizuizi kilipoondolewa tarehe 7 Julai hawakuniuliza nitarudi lini. Jirani zangu wenye ajira Nairobi, wakati huo, walikuwa wakitumiana namba za siri za kampuni kwenye kikundi cha familia.

Mwajiri unayesoma haya, ukimruhusu mfanyakazi wako akae Kitengela, mnunulie laini ya kazi iliyo mbali na ya nyumbani, na usiidhinishe malipo kwa meseji peke yake. Mpigie kwa namba unayoijua. Halafu, siku ukipata nafasi, panda gari hadi Bissil siku ya soko ukawatazame wazee wanavyouza.