Injini imeongezewa nguvu, klachi je?

WAMILIKI wa magari mjini Babati wanaofunga turbo kwenye injini ambazo hazikutoka nayo kiwandani, mara nyingi hugundua baada ya miezi michache kwamba kifaa kingine kimeanza kushindwa kazi. Kifaa hicho ni klachi. Injini huunguruma, mshale wa mizunguko hupanda, lakini mwendo hauongezeki. Harufu ya kuungua hufuata.

Tatizo hilo lina uzito wake katika mji huo, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002. Babati ni njia panda ya barabara za Arusha, Singida na Dodoma, na anayekwenda Mbulu hulazimika kukwea ukingo wa Bonde la Ufa kwa kupitia Dareda au Magara. Gari lililosheheni magunia ya mbaazi na abiria juu yake likiteleza klachi katikati ya mwinuko wa namna hiyo, dereva hubaki na breki peke yake.

Chanzo chake ni hesabu nyepesi. Injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, inayopatikana katika Toyota Land Cruiser nyingi za kazi na za kubebea watalii, hutoa nguvu ya kuzungusha ya takriban newton mita 285. Turbo ikiiongezea asilimia 30, nguvu hiyo hufika 370. Kiwanda huiwekea klachi akiba juu ya mahitaji ya injini, na ndiyo maana gari halianzi kuteleza siku ile ile turbo inapofungwa. Lakini akiba yote imekwisha kuliwa. Joto la mlima mmoja mrefu, au tone la mafuta, latosha kuiangusha.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si bei wala jina la kopo, bali klachi inamudu newton mita ngapi. Kanuni inayofaa kwa gari la kazi ni kuongeza takriban robo juu ya nguvu halisi ya injini. Kwa mfano huo, isipungue 460.

Uwezo huo hutokana na mambo matatu: ukubwa wa sahani, ukali wa lainingi katika kushika, na nguvu ya springi ya presha pleti. Ukubwa ni vigumu kuubadili bila kugusa flaiwili, hivyo hubaki njia mbili. Wengi hukimbilia lainingi ya kauri inayotumika katika magari ya mashindano, kwa kuwa hushika sana na huvumilia joto. Hata hivyo, lainingi hiyo hushika kwa ghafla, gari huruka linapoondoka, flaiwili hulika upesi, na mshtuko wake huishia kwenye meno ya giaboksi. Kwa dereva wa rali anayefungua giaboksi kila baada ya mashindano, hiyo si hasara kubwa. Kwa gari linalopita sokoni na stendi kila siku, ni gharama iliyofichwa.

Njia ya pili ni presha pleti yenye springi kali zaidi pamoja na sahani ya lainingi ya kawaida, yenye springi katikati. Presha pleti ikiongezwa mkandamizo kwa robo, na uwezo wa klachi huongezeka kwa robo. Kasoro yake ni pedali kuwa nzito, jambo ambalo mguu huzoea. Kwa mwenye fedha kidogo, hili ndilo chaguo la busara zaidi.

Wapo wanaopunguza gharama kwa kununua klachi ya injini ndugu iliyotoka kiwandani na turbo. Inawezekana, iwapo kipenyo, idadi ya meno ya kitovu na matundu ya boliti vinalingana. Jina la gari peke yake halitoshi. Baadhi ya Subaru Impreza zenye turbo za miaka ya 1990, kwa mfano, zina presha pleti ya kuvutwa, ilhali ndugu zake zisizo na turbo zina ya kusukumwa. Fundi mwangalifu huishusha ya zamani kwanza, huipima, ndipo mteja akaagiza Arusha au Kariakoo.

Kabla ya hapo, ni vema kuhakikisha kwamba klachi ndiyo yenye kosa. Gari likiwa gia ya nne, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kwenye barabara tupu, dereva akanyage mafuta hadi mwisho. Mizunguko ikipanda peke yake, klachi inateleza. Gia zikikataa kuingia wakati klachi inashika vizuri, kosa huenda liko kwenye masta silinda au silinda ya chini, ambazo hutengenezwa bila kushusha giaboksi.

Kushusha giaboksi ndiko kunakopaswa kuongoza matumizi ya fedha. Kazi hiyo ni nzito na malipo yake hulingana, iwe sahani iliyowekwa ni bora au duni. Sili ya mafuta ya nyuma ya injini, rilizi beringi na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili ni vitu vya bei ndogo. Kuviacha vya zamani ili kuokoa fedha ni kujiandalia malipo ya pili kwa fundi yule yule. Flaiwili yenye mikwaruzo au madoa ya buluu ikakerezwe kwanza. Klachi za mitumba, hata zenye chapa za Aisin au Exedy, hazionyeshi springi zake zimechoka kiasi gani, na kupigilia lainingi mpya kwenye sahani ya zamani hakuongezi mkandamizo hata kidogo. Vumbi la klachi kuukuu lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwani lainingi za zamani huweza kuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Fedha zikigoma kabisa, lipo jambo lisilohitaji spea: kupunguza shinikizo la turbo hadi klachi iliyopo iimudu injini. Wenye magari hawalipendi. Lakini linarudisha gari barabarani wakati fedha zikitafutwa.

Klachi mpya huhitaji kuzoezwa kwa kilomita 500 hadi 800 bila mzigo mkubwa wala kukanyaga mafuta hadi mwisho. Kilomita hizo ziwe za mjini, kwa kuwa lainingi hujikalia kwa kuachia na kushika mara nyingi. Safari ya kwenda na kurudi Dodoma hutimiza hesabu ya kilomita, lakini katika barabara ndefu ya lami klachi hukanyagwa mara chache mno.