Kinanda Kinapogoma: Historia ya MIDI na Draiva za Sauti

Kinanda cha MIDI kilichounganishwa na kompyuta ya studio hakipeleki sauti yoyote. Kinachopita kwenye waya wake ni maagizo tu: noti ipi imebonyezwa, kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Sauti yenyewe hutengenezwa ndani ya programu, kisha hutoka kwa njia nyingine kabisa, kupitia draiva ya kadi ya sauti. Njia hizo mbili zilibuniwa na watu tofauti katika miaka tofauti, na nyingi kati ya hitilafu zinazomsumbua prodyuza hadi leo chimbuko lake ni hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni iliunganisha vinanda vyake kwa mtindo wake, na cha kampuni moja hakikuelewana na cha nyingine. Mwaka 1981 Ikutaro Kakehashi wa Roland alianza kuwashawishi wenzake wakubaliane juu ya mfumo mmoja, uliokuja kuitwa MIDI. Novemba mwaka huohuo Dave Smith na Chet Wood wa Sequential Circuits ya Marekani waliwasilisha pendekezo lao mbele ya wahandisi wa sauti mjini New York. Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki ya NAMM huko Anaheim, Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland ziliunganishwa kwa waya, na moja ikaipigisha nyingine.

Waya huo ulikuwa na plagi ya pini 5 na ulipitisha biti 31,250 kwa sekunde. Agizo la kubonyeza noti moja lilichukua baiti 3, yaani karibu milisekunde 1. Kubonyeza na kuachia ni maagizo mawili yanayojitegemea, kwa hiyo la pili likipotea njiani noti hulia bila kukoma. Ndiyo maana mfumo uliwekewa agizo namba 123, la kuzima noti zote, na programu nyingi zina kitufe cha dharura cha kulituma. Hitilafu nyingine ya zamani ni noti kulia mara mbili: kinanda chenye sauti zake hujipiga chenyewe, kisha kompyuta inakirudishia agizo lilelile. Agizo namba 122 hutenganisha vitufe na sauti za ndani, na tatizo huisha.

Atari ST ya mwaka 1985 ilitoka kiwandani ikiwa na matundu ya MIDI, na programu ya muziki ya Cubase ilipozaliwa juu yake mwaka 1989 hakuna aliyehitaji kutafuta draiva. Kwenye PC mambo yalikuwa magumu zaidi. Kadi ya Sound Blaster ilipitisha MIDI kwenye tundu la kijiti cha kuchezea michezo, na ililazimika kupewa namba yake ya kuikatiza prosesa. Ikipewa namba 7 iligongana na printa. Fundi alifungua kasha, akahamisha kijipini kwenye kadi, kisha akaandika kwenye faili la AUTOEXEC.BAT mstari kama SET BLASTER=A220 I5 D1: anwani, namba ya kukatiza, na njia ya kumbukumbu. Herufi moja ikikosewa, kompyuta ilikaa bubu.

Mwaka 1999 Steinberg, kampuni iliyotengeneza Cubase, iliwezesha ala kuishi ndani ya Cubase yenyewe. Kuanzia hapo agizo liliingia na sauti ikatoka kwenye mashine ileile, na kuchelewa kukaanza kusikika kwenye vidole vya mpigaji. Lawama nyingi ziliangukia kinanda, bila haki. Windows ya wakati huo ilipitisha sauti zote kwenye kichanganyio chake cha ndani kilichoongeza takriban milisekunde 30. Draiva ya ASIO, ambayo Steinberg ilikuwa imeitoa mwaka 1997, ilikiruka kichanganyio hicho na kuipeleka sauti moja kwa moja kwenye kadi. Kilichobaki kurekebishwa ni ukubwa wa bafa, yaani kiasi cha sauti kinachokusanywa kabla ya kutumwa kwenye kadi: sampuli 256 kwa kasi ya 44,100 ni karibu milisekunde 6, sampuli 1,024 ni 23. Bafa ikiwa ndogo kupita uwezo wa prosesa, sauti hukwaruza.

Kadi za bei nafuu hazikuja na ASIO. Pengo hilo lilizibwa na ASIO4ALL, draiva ya bure iliyowekwa ndani ya kisakinishi cha FL Studio, programu ya Ubelgiji ambayo maprodyuza wengi wa Bongo Fleva wamejifunzia kazi. Nayo ikaja na kero yake: mara nyingi hushikilia kadi peke yake, na kivinjari kilichoachwa kikicheza video kinatosha kuifanya ikatae kufunguka.

Upande wa maagizo, kanuni ya MIDI kwa USB iliyotolewa mwaka 1999 iliondoa haja ya draiva maalumu kwa vinanda vingi. Hata hivyo, kwa miaka mingi Windows iliruhusu tundu moja la MIDI kushikwa na programu moja tu, na kukihamishia kinanda kwenye tundu jingine la USB kuliweza kuifanya programu ikione kuwa kifaa kipya. Fundi huanza kwa kubonyeza noti kwa mausi kwenye ala ya programu. Ikilia, njia ya sauti ni nzima, na kinachotafutwa kiko kwenye waya, tundu, chaneli au traki ambayo haijawashwa kupokea. Isipolia, kinanda huachwa kando na kazi huhamia kwenye draiva.

MIDI 2.0 iliidhinishwa mwaka 2020, ikiwezesha vifaa kuulizana uwezo wao kabla ya kutumiana maagizo. Kinanda cha mwaka 1983 bado huunganishwa na kompyuta ya leo kwa adapta ya USB. Adapta za bei ya chini hupitisha noti bila shida lakini baadhi hukatakata ujumbe mrefu wa kuhamisha sauti zilizohifadhiwa, kwa kuwa kumbukumbu ya adapta hizo ni ndogo. Hapo programu ya kutuma hupunguziwa kasi, au adapta hubadilishwa.