C imejaa, D iko tupu: usiibomoe kuta kabla ya kusoma haya

Swali hili naletewa mara kwa mara, na wengi hulileta wameshachelewa. Kompyuta ya nyumbani ina diski iliyogawanywa sehemu mbili, C na D. C, iliyobeba Windows na programu, imejaa mpaka mstari wake umegeuka mwekundu. D ina nafasi tele. Mtu hujiambia: si niuondoe ukuta wa katikati?

Unaondoka, lakini C na D si vyumba viwili vya kutobolewa mlango. Ni viwanja viwili vilivyopimwa kwenye ardhi moja, na kila kimoja kina daftari lake la kuonyesha faili ipi iko wapi. Windows haina chombo cha kuyachanganya madaftari hayo. Inachofanya ni kulifuta la D, kisha kuipa C kile kiwanja kikiwa kitupu.

Mimi nalijua hilo kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma niliifuta D ya dadangu nikiamini picha zote ziko C. Nikaipanua C, nikaendelea kupakia programu. Video za harusi yake, ambamo marehemu baba yetu anazungumza, zilikuwa D. Programu ya kuokoa faili ilirudisha vipande tu. Dada hakunilaumu, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kwa hivyo kwanza nakili vyote vya D kwenye diski ya nje, kisha zifungue faili chache kutoka huko uone zinafanya kazi. Kama kuna programu ulizozisakinisha D, ziondoe uje uzisakinishe upya. Kunakili folda yake hakutoshi.

Sasa bofya kulia kitufe cha Start, uchague Disk Management. Hakikisha C na D ziko kwenye diski moja na zimepakana, D ikiwa kulia kwa C. Bofya kulia D, chagua Delete Volume. Nafasi ikibaki na rangi ya kijani, ifute mara ya pili mpaka mstari wake uwe mweusi. Kisha bofya kulia C, chagua Extend Volume, ukubali hadi mwisho. Ni kazi ya dakika chache.

Wengi hukwama pale Extend Volume inapokuwa ya kijivu, haibonyezeki. Sababu ni kwamba C hupanuka kuelekea kulia tu, tena kwenye nafasi iliyogusana nayo. Pengine kati yake na D pana kijisehemu cha Recovery. Usikifute ovyo, humo mna vifaa vya kuitengeneza Windows ikigoma kuwaka. Au pengine ulitaka kuimega D badala ya kuifuta, ukatumia Shrink Volume. Hiyo humega mwishoni mwa D, upande wa mbali, na C haiwezi kuiruka D kwenda kuichukua nafasi hiyo.

Hapo utahitaji programu ya kusogeza sehemu yenyewe, kama GParted, ambayo ni ya bure na huwashwa kutoka kwenye flashi. Kusogeza D yenye vitu vingi kunaweza kuchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati waweza kuipoteza sehemu nzima. Na sote twaujua umeme wetu. Laptopu iwe imejaa chaji na imechomekwa. Kompyuta ya mezani bila UPS mimi siigusi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48, kisha uizime BitLocker kabisa na usubiri imalize kuifungua diski; kuusimamisha ulinzi kwa muda tu hakutoshi.

Lakini wengi wanaonijia hawahitaji haya yote. Bofya kulia folda ya Videos au Pictures, ingia Properties, kisha Location, uihamishie D. Windows itakuuliza kama ihamishe na vilivyomo, kubali. Ukishamaliza, fungua Disk Cleanup ufute takataka za masasisho ya zamani. Kompyuta ya dadangu ingepona kwa hayo mawili, na D ingebaki ilipokuwa.