Kuhamishia kumbukumbu za kikundi kwenye wingu: mambo ya kuzingatia

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa na vyama vya wakulima hutunza kumbukumbu zao mahali pamoja tu: kwenye daftari la katibu, simu yake, au kompyuta moja ya ofisini. Daftari likilowa, simu ikiibwa au katibu akihamia mjini, wanachama hubaki bila ushahidi wa fedha zao. Ndiyo maana baadhi ya vikundi vinahamia kwenye programu za ofisi zinazotumika kupitia wingu. Hapa tunaeleza jinsi ya kuhama kwa usalama.

Wingu ni nini?

Wingu si kitu kilichoko angani. Ni kompyuta kubwa za kampuni zinazotoa huduma, ambazo simu yako huzifikia kwa intaneti. Faili huhifadhiwa huko, hivyo simu ikipotea faili haipotei. Huduma zinazojulikana zaidi ni za Google, iliyoanza kutoa programu za kuandika na kupanga hesabu mtandaoni mwaka 2006, na za Microsoft, iliyozindua Office 365 mwaka 2011.

Akaunti ya kawaida ya Google haina malipo na ina nafasi ya GB 15 kwa barua pepe, faili na picha kwa pamoja. Kwa kikundi kinachoandika hesabu na mihtasari ya vikao, nafasi hiyo ni kubwa. Gharama inayobaki ni bando.

Akaunti iwe ya nani?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo husahaulika. Faili ni mali ya akaunti iliyoifungua. Katibu akitumia akaunti yake binafsi kisha akaondoka au akaifuta, kikundi kitakuwa kimehama kutoka daftari la mtu mmoja kwenda simu ya mtu yuleyule. Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, na uamuzi huo uandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Hatua za kuhama

1. Chagueni viongozi wawili wa kusimamia akaunti. Namba ya simu ya mmoja na barua pepe ya mwingine ziwekwe kwa ajili ya kuirejesha nenosiri likisahaulika.

2. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, ili anayelijua nenosiri pekee asiweze kuingia.

3. Anzeni na daftari moja, kwa mfano la michango. Mmoja asome, mwingine aandike, kisha jumla zilinganishwe mbele ya wanachama.

4. Toeni ruhusa kwa kipimo. Mweka hazina aweze kuhariri. Wengine waliochaguliwa waweze kuangalia tu. Programu hutunza matoleo ya nyuma, hivyo mabadiliko yakileta shaka mnaweza kufungua toleo la awali na kulinganisha.

5. Faili muhimu ziwekwe zipatikane bila mtandao. Mtandao ukirudi, mlichoandika kitapanda chenyewe.

6. Endeleeni kuandika daftari la karatasi kwa miezi kadhaa, mpaka jumla za pande zote mbili zifanane kila mwezi.

Uongozi ukibadilika, badilisheni nenosiri na ondoeni ruhusa za waliotoka siku hiyohiyo ya makabidhiano. Pia msiiache akaunti ikalala: Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2.

Siri za wanachama

Majina, namba za simu na madeni ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kusanyeni taarifa mnazozihitaji tu, na msitume kiungo cha faili ya hesabu kwenye kundi la WhatsApp kikiwa wazi kwa kila anayekipata.

Kama wewe ni mwanachama, uliza kwenye kikao kijacho: akaunti yetu ina jina la nani, na nani mwingine anaweza kuifungua?