Kutambua, Kutambuliwa na Kujitambulisha: Historia Fupi ya Diski Kuu na Maneno Yake

Makala haya yanahusu kitenzi kimoja tu, kitenzi "tambua", na kazi kilichotwishwa katika lugha ya kompyuta. Ni kitenzi cha siku nyingi, na kila msemaji wa Kiswahili anakijua. Kwa sababu hiyo hasa, watu wachache wamejiuliza kina maana gani kinaposemwa juu ya mashine. Tunakusudia kuonyesha kwamba neno hili moja limefunika hitilafu tatu au nne zilizo tofauti, na kwamba uficho huo unawagharimu watu fedha na kazi zao.

Tulikutana na jambo hili Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, tulipokuwa tukikusanya maneno wayatumiayo mafundi wa vifaa vya umeme. Mwalimu mmoja alikuwa ameleta kompyuta yake mpakato, ambayo diski yake kuu ilikuwa imeanza kugonga kwa ndani na kukwama. Aliagiza diski nyingine kutoka Dar es Salaam, mji ulio mbali na Kigoma kwa kilomita zipatazo 1,250 za reli. Fundi alifungua mfuniko kwa bisibisi, akatoa diski ya zamani, akaweka mpya, akawasha. Kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna diski ya kuwashia.

Hapo yakatolewa maelezo matatu. Fundi alisema, "Haitambui hadi diski." Mwalimu akasema, "Kumbe haisomi." Kijana anayejifunza kazi akakata shauri, "Hii imekufa, Mwalimu. Irudishwe." Mwalimu akaanza kuifunga diski katika boksi lake ili airudishe. Kila mmoja alidhani kwamba wote watatu wamesema neno moja. Tuliomba diski isirudishwe kwanza, kwa kuwa tulitaka kujua ni lipi kati ya maneno hayo lililokuwa kweli.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa tutazame diski kuu ilikotoka. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na visahani 50 vyenye kipenyo cha inchi 24, uzito wake ulikaribia tani moja, na iliweza kuhifadhi herufi zipatazo milioni tano tu. Diski hiyo haikuhitaji kutambuliwa, maana ilijengwa pamoja na mashine yake moja. Swali la kutambuana lilizuka baadaye, diski ilipokuwa kipuri: kitu kinachoweza kununuliwa peke yake na kutiwa katika mashine iliyoundwa na mtu mwingine. Hali hiyo ilienea baada ya mwaka 1980, zilipotoka diski ndogo za inchi tano na robo kwa ajili ya kompyuta za mezani.

Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1984, iliyoitwa AT, mashine haikutambua diski kwa akili yake yenyewe. Ndani yake mlikuwa na orodha ya aina za diski, kila aina ikiwa na namba. Mtu ndiye aliyechagua namba iliyolingana na diski aliyoiweka, nayo ikatunzwa katika kumbukumbu ndogo iliyotegemea betri. Betri ikiisha, kompyuta iliisahau diski yake, ingawa diski yenyewe ilikuwa nzima. Kwa hiyo wakati ule binadamu alikuwa *akiitambulisha* diski kwa mashine, kama mwenyeji anayempeleka mgeni kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Tangu mwaka 1986 mtindo ulianza kubadilika. Sehemu kubwa ya vidhibiti vya diski ilihamishiwa kwenye diski yenyewe, na utaratibu huo ukawekwa kuwa kanuni rasmi huko Marekani mwaka 1994. Katika kanuni hiyo imo amri ya kuitaka diski ijieleze. Kompyuta huuliza, nayo diski hujibu jina lake, namba yake na ukubwa wake. Tangu hapo diski *hujitambulisha*, na kompyuta ikisikia jibu ndipo diski huwa *imetambuliwa*. Mnyambuliko wa Kiswahili unaipanga historia yote ya jambo hili bila kuunda neno jipya hata moja: tambulisha, jitambulisha, tambuliwa. Ni bahati ambayo watafsiri hatujaitumia ipasavyo.

Sasa turudi Buzebazeba. Fundi aliingia katika BIOS, yaani programu ya kuwashia inayofanya kazi kabla ya mfumo endeshi. Katika orodha ya diski hapakuwa na jina lolote. Hiyo ilimaanisha kwamba swali liliulizwa na jibu halikuja. Lakini asiyejibu hodi si lazima awe maiti. Pengine hodi haikumfikia. Mfuniko ulipofunguliwa tena, sababu ilionekana. Diski ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 9.5, na mpya ilikuwa na milimita 7. Ile mpya ilicheza katika nafasi yake, na pini hazikushika vizuri. Fundi alikata kipande cha plastiki, akakiweka kuziba pengo, akasukuma diski hadi mwisho. Alipowasha, jina la diski na ukubwa wake vikatokea katika orodha.

Hata hivyo kioo kiliandika maneno yale yale ya kwanza, kwamba hakuna diski ya kuwashia. Kijana akasema tena, "Si nilisema?" Lakini safari hii hitilafu ilikuwa nyingine kabisa. Diski ilikwisha kujitambulisha. Ila ilikuwa tupu, haina mfumo endeshi wa kuwasha kompyuta. Zaidi ya hayo, haikuwa hata na vizigeu. Wazee wetu waliliita kizigeu pazia au ukuta mwepesi unaogawa chumba, na tunaona neno hilo linafaa sana kwa sehemu zinazogawa diski. Diski isiyo na jedwali la vizigeu ni kiwanja kisichopimwa: kipo, ukubwa wake unajulikana, lakini hakuna awezaye kupewa hati ya kujenga. Mfumo endeshi ulipowekwa kwa flashi, vizigeu vikatengenezwa, na kompyuta ikawaka.

Jedwali hilo nalo lina historia yake. Lile la kale, lililotokea mwaka 1983, haliwezi kuhesabu zaidi ya baiti trilioni mbili na kitu. Anayeweka diski ya trilioni nne akitumia jedwali hilo ataona sehemu yake tu, naye atasema kompyuta "haitambui" diski yote. Vilevile zipo diski mpya nyembamba mfano wa kipande cha ubao, ambazo huingia sawasawa katika nafasi yake, kumbe nafasi hiyo imeunganishwa kwa lugha ya Sata peke yake na diski inazungumza NVMe. Hapo hakuna kilicholegea wala kilichokufa. Kilichokosekana ni lugha moja kati ya wawili.

Watu wa Kigoma hawana haja ya kufundishwa kwamba kutoshea si kufanya kazi. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani, ikaletwa kwa vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina jingine. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Injini ya dizeli haiwekwi mahali pa ile ya mvuke kwa kufunga nati tu. Kila kipuri kigeni lazima kipokewe na mashine inayokikaribisha.

Twaweza kuuliza kwa nini maneno yetu ya hatua hizi ni machache. Sehemu ya jibu imo katika historia ya nchi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na mashine hizo zikawa adimu kwa miaka mingi. Zilipoingia kwa wingi, maneno yalikuja yote kwa mara moja. Nguvu nyingi ikatumika kubishania jina la mashine yenyewe, iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mwaka 2004 programu za ofisi zilitolewa kwa Kiswahili kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa jina la Jambo OpenOffice, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini tafsiri kama hizo huanzia pale ambapo mashine imekwisha kuwaka. Mashine inapogoma kuwaka, fundi na mwenye mali huachwa na sentensi moja ya Kiingereza.

Hatari kubwa zaidi tuliiona mwisho. Mwalimu alitaka mitihani na maandalio ya masomo yaliyokuwamo katika diski ya zamani. Ilipounganishwa kwa waya, kioo kiliuliza kama diski iumbizwe ili iweze kutumika. Kijana alikuwa karibu kukubali, kwa kuwa dakika chache nyuma aliona diski mpya ikiumbizwa, na mambo yakawa mema. Neno "umbiza" limetokana na umbo, nalo ni zuri kwa diski tupu. Kwa diski yenye kazi ya miaka saba, maana yake ni kufuta. Fundi aliuzuia mkono wa kijana, akatumia programu ya kuokoa mafaili, na sehemu kubwa ya kazi ya Mwalimu ikapatikana. Nyingine ilipotea pamoja na visahani vilivyoharibika.

Kutokana na hayo tunapendekeza maneno manne yatumike kwa hatua nne. Diski ambayo pini zake hazijashika, au iliyowekwa katika nafasi isiyo yake, isemwe *haijaungika*. Ambayo jina lake halimo katika orodha ya BIOS, ingawa imeungika, isemwe *haijatambuliwa*. Yenye jina lakini isiyo na vizigeu wala umbizo isemwe *haijaandaliwa*. Iliyoandaliwa lakini isiyoweza kuwasha kompyuta isemwe *haina mfumo*. Neno *imekufa* liachwe hadi hatua hizo zote zimalizike, na diski ijaribiwe katika kompyuta ya pili. Aidha, popote tafsiri inapotumia "umbiza", iongezwe "kwa kufuta yaliyomo".

Hatudai kwamba maneno haya ni ya mwisho. Walimu na mafundi ndio watakaoyapima kazini, nasi tunawaomba watuandikie yale wanayoyatumia wenyewe. Diski ya Mwalimu wa Buzebazeba haikurudi Dar es Salaam. Ingalirudi ikiwa nzima, kwa nauli ya mwalimu, kwa sababu tu ya neno.