Pumzi ya Mwogeleaji

Leo twataka kueleza jinsi watu walivyojifunza kupumua katika kuogelea kwa kasi. Huenda mtu akadhani kwamba kasi ya mwogeleaji yatoka katika mikono na miguu tu. Lakini tukitazama historia, twaona kwamba mikono ilitangulia na pumzi ikafuata. Na mpaka pumzi ilipopata utaratibu wake, kasi ile haikuweza kwenda mbali.

Mwaka 1844 Waojibwe wawili, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, walishindana kuogelea mjini London. Walitupa mikono juu ya maji na kupiga miguu kwa nguvu. Waingereza waliistaajabia kasi yao, lakini waliidharau njia yao kwa sababu ya kishindo chake. Wao walipenda kuogelea kama chura, kichwa kikiwa juu, na pumzi ikiingia na kutoka bila taabu. Kwa njia hiyo Kapteni Matthew Webb alivuka mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1875, kwa muda wa saa 21 na dakika 45.

Karibu na mwisho wa karne ya 19, kijana Alick Wickham wa Visiwa vya Solomon alionyesha huko Sydney, Australia, namna ya kuogelea ya kwao. Dick Cavill na ndugu zake wakaishika, nayo ikaitwa kutambaa. Mwaka 1902 Cavill aliogelea yadi 100 chini ya dakika moja. Hata hivyo wengi walisema kwamba kutambaa kwafaa kwa mwendo mfupi tu.

Sababu ilikuwa nini? Katika kutambaa uso humo majini. Mtu akizuia pumzi, hewa chafu hujaa kifuani, viungo vikalegea. Akiinua kichwa mbele apate hewa, miguu huzama, na mwendo hupungua. Dawa yake ni hii: pumzi itolewe polepole uso ukiwa majini, kisha mwili ugeuke ubavu pamoja na mkono, na kinywa kivute hewa upesi kando. Tena maji yenyewe humsaidia, kwani kichwa kinapoyakata, hufanya kibonde kidogo karibu na shavu, na hapo kinywa hupata hewa bila kuinuliwa. Cecil Healy wa Australia alikuwa miongoni mwa walioieneza njia hiyo ya kupumulia ubavuni, kabla hajauawa vitani Ufaransa mwaka 1918.

Ushahidi mkubwa ulipatikana tarehe 6 Agosti 1926. Gertrude Ederle, msichana wa Marekani mwenye umri wa miaka 20, aliuvuka mlango ule ule wa Webb kwa kutambaa, katika maji yaliyochafuka. Alitumia saa 14 na nusu hivi, akawashinda kwa kasi wanaume wote watano waliomtangulia. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuuvuka.

Basi, anayejifunza na aanze katika maji yasiyopita kifua, pamoja na mwenzake ajuaye kuogelea, naye ajizoeze kwanza kutoa pumzi majini. Bandu bandu huisha gogo. Na pumzi kwa pumzi huisha bahari.