Chombo na Akili

Jembe halilimi lenyewe. Alimaye ni mtu, na jembe humsaidia tu. Kila mtoto wa mkulima hulijua jambo hili kabla hajajua kusoma. Walakini katika mambo ya elimu limesahauliwa mara nyingi, na kila liliposahauliwa hasara ilifuata. Katika insha hii nataka twende pamoja, msomaji, tupite katika historia ya vyombo ambavyo watu walivitumia kufundishana na kujifunza, tangu kalamu hata simu ya mkononi. Tukifika mwisho utaweza kukipima mwenyewe chombo kilichomo mkononi mwako, ujue kama kinakutumikia au wewe ndiwe unayekitumikia.

Tuanze na maandishi. Leo hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kuyalaumu, lakini zamani yalilaumiwa. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu kiitwacho Phaedrus. Ndani yake mwalimu wake, Socrates, asimulia hadithi ya mfalme mmoja wa Misri. Mungu aitwaye Theuth alimletea mfalme huyo zawadi ya herufi, akasema kuwa zitaongeza kumbukumbu na hekima ya watu. Mfalme hakukubali. Alijibu kwamba watu wakizoea kuandika wataacha kukumbuka. Watategemea alama zilizo nje yao, nao wataonekana wana hekima ilhali hawana.

Twaweza kumcheka mfalme yule, kwa maana hata hadithi yake imetufikia kwa sababu iliandikwa. Lakini tusicheke sana. Alikosea alipoidharau kalamu, ila hakukosea alipoiona hatari yake. Kuwa na jambo katika karatasi si sawa na kuwa nalo akilini.

Wazee wetu wa pwani waliifahamu tofauti hiyo, wakaitafutia dawa. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu zamani, kabla ya shule za kisasa. Nakala ya Utenzi wa Tambuka iliyoandikwa Pate ni ya mwaka 1728. Chuoni, mtoto alipewa ubao wa mti na kalamu ya unyasi. Aliandikiwa au aliandika somo lake kwa wino, akalisoma kwa sauti, akalirudia mpaka akalihifadhi. Hapo ndipo ubao ulipooshwa kwa maji, likaandikwa somo jingine. Angalia hekima iliyokuwa katika desturi hiyo: ubao haukufutwa mpaka somo limekwisha kuingia kifuani. Chombo kilifanya kazi yake, na akili ikafanya yake.

Kisha ikaja mashine ya kupigia chapa. Johannes Gutenberg wa mji wa Mainz, katika Ujerumani, alimaliza kupiga chapa Biblia yake karibu na mwaka 1455. Kabla ya hapo katika Ulaya kitabu kilinakiliwa kwa mkono muda wa miezi mingi, na bei yake ilikuwa kubwa. Baada ya hapo kitabu kilianza kuwafikia watu wa kadiri. Faida hii haina kipimo. Lakini mashine haina macho. Huzidisha kosa kama izidishavyo ukweli. Mwaka 1631, katika London, ilichapwa Biblia ambayo neno moja dogo la kukanya lilisahauliwa katika amri ya uzinzi, na amri ikawa yawaamuru watu wafanye lile walilokatazwa. Kosa lile lisingekuwa katika nakala moja tu, kama ambavyo lingekuwa kwa mwandishi wa mkono. Lilikuwa katika nakala nyingi kwa siku moja. Wapiga chapa walitozwa faini ya pauni 300. Likumbuke kosa hili, msomaji, kwani tutakutana na ndugu yake mbele.

Katika karne ya 20 vyombo viliongezeka kwa kasi, na kila kimoja kilikuja na ahadi zake. Mwaka 1913 Thomas Edison, mvumbuzi mashuhuri wa Marekani, alitabiri kwamba vitabu vitaacha kutumika shuleni baada ya muda mfupi, na mahali pake patashikwa na picha za sinema. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu hapo, na wewe unasoma kitabu. Edison aliijua mashine yake kuliko alivyomjua mwanafunzi.

Sasa nitakupa mifano mitatu ili uilinganishe.

Mfano wa kwanza ni wa visiwa vya Samoa ya Marekani, katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1964 serikali iliona kuwa walimu waliosoma sawasawa ni wachache, ikaleta televisheni katika shule. Masomo makuu yalifundishwa na mwalimu mmoja aliyekuwa studioni, na mwalimu aliyekuwa darasani akawa msaidizi wa mashine. Mwanzoni watu walifurahi. Lakini televisheni haimwoni mtoto aliyeachwa nyuma, wala haisimami kumngoja. Miaka ilivyozidi walimu na wanafunzi walichoka nayo, hasa katika madarasa ya juu, na katika miaka ya 1970 matumizi yake yakapunguzwa sana.

Mfano wa pili ni wa Nicaragua, katika Amerika ya Kati. Kuanzia mwaka 1974 hesabu zilifundishwa kwa redio katika shule za msingi. Redio ni chombo duni kuliko televisheni, maana haina picha. Walakini waliotunga masomo yale walifanya jambo moja la busara. Sauti ya redio iliuliza swali, kisha ikanyamaza. Katika kimya hicho watoto walijibu kwa sauti, au waliandika, au walihesabu vitu vilivyokuwa mbele yao. Kisha redio ikatoa jibu. Mwalimu alikuwa pale akiangalia nani amejua na nani hajajua, na redio ilipozimwa aliendelea na somo. Watoto hao walipopimwa walionekana wamewashinda wenzao waliofundishwa bila ya redio. Njia hiyo ilifika hapa kwetu: mapema katika miaka ya 1980 Kenya iliijaribu katika kufundisha Kiingereza katika madarasa ya kwanza ya shule za msingi, nayo ilionyesha matokeo mema.

Mfano wa tatu ni wa karibuni zaidi. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza mpango wa kutengeneza vipakatalishi vya bei nafuu ili kila mtoto wa nchi maskini apate chake. Peru ilinunua zaidi ya 800,000. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika shule 319 za mashambani katika nchi hiyo. Kompyuta zilikuwa zimeongezeka mpaka zikamtosha kila mwanafunzi. Watoto walionyesha maendeleo kidogo katika majaribio ya jumla ya kufikiri. Lakini katika hesabu na lugha hawakuwazidi wale waliokuwa hawana. Shule nyingi hazikuwa na mtandao, na walimu hawakuwa wamefundishwa vya kutosha namna ya kuviingiza vyombo hivyo katika masomo yao.

Ilinganishe mifano hii mitatu. Chombo duni kilifaulu, na vyombo bora havikufaulu kama ilivyotazamiwa. Tofauti haikuwa katika thamani ya chombo. Redio ya Nicaragua ilimwachia mtoto kazi ya kufikiri na ilimwachia mwalimu nafasi yake. Televisheni ya Samoa ilichukua nafasi ya mwalimu. Vipakatalishi vya Peru vilitolewa kana kwamba kupewa jembe ni sawa na kuvuna.

Katika nchi yetu mpango wa kugawa vishikwambi katika shule za msingi ulianza kutekelezwa mwaka 2016. Zaidi ya vifaa 1,000,000 vilipelekwa katika shule zaidi ya 20,000, na kabla ya hapo umeme ulipelekwa katika shule nyingi ambazo hazikupata kuuona. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na haifai kudharauliwa. Lakini ziko shule ambamo vifaa vilifungiwa makabatini kwa hofu ya wezi, au kwa sababu mwalimu hakujua avitumieje. Kifaa kilichofungiwa kabatini hakimfundishi mtu neno.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 2021. Masomo yalitangazwa katika redio na televisheni, na mengine yakawekwa katika mtandao. Hapo tulijifunza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, chombo ni neema, kwani bila ya redio na simu watoto wengi wasingalisikia somo lolote muda wote ule. La pili, neema hiyo haikugawanywa sawasawa: palikuwa na mtoto mwenye kompyuta chumbani mwake, na palikuwa na mtoto ambaye simu ya nyumbani ilikuwa moja, nayo iliondoka na baba alfajiri ikarudi usiku.

Sasa niruhusu nikusimulie jambo lililotokea darasani mwangu. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya likizo juu ya historia ya reli. Swali moja lilikuwa jepesi: reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka gani? Jibu ni 1901. Walipoleta kazi zao niliona kuwa wanafunzi 31 katika 43 wameandika 1903. Hawakuwa wameketi pamoja, wala hawakuwa wa kijiji kimoja. Mmoja aliliona jibu hilo katika mtandao, akawapelekea rafiki zake kwa simu, nao wakawapelekea wengine. Hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu chetu cha darasa, ambamo jibu la kweli lilikuwamo.

Hilo halikunihuzunisha sana. Ni lile kosa la Biblia ya London lililorudi kwa mavazi mapya. Kilichonihuzunisha ni karatasi ya msichana mmoja. Kwao hapakuwa na simu ya mtandao, naye alikwenda katika maktaba ya mji wakati wa likizo. Nilipoigeuza karatasi yake kuelekea dirishani niliona kuwa chini ya 1903 palikuwa na alama ya namba iliyofutwa. Ilikuwa 1901. Nilimwita nikamwuliza kwa nini alifuta. Alijibu, “Mwalimu, niliona kila mtu ana jibu jingine. Nikafikiri wao wametazama mahali pa kisasa.”

Msomaji, fikiri juu ya mafuto haya mawili. Mtoto wa chuoni aliufuta ubao wake kwa kuwa somo lilikuwa limekwisha kumwingia. Msichana yule aliifuta kweli aliyoitafuta kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuwa kosa limekuja kwa chombo kipya na kwa wingi wa watu. Sikumkemea. Kosa lilikuwa letu sisi walimu, tuliomfundisha kutafuta majibu na hatukumfundisha kuyapima.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipotolewa programu ya ChatGPT, na nyingine za namna yake zikafuata. Hizi ni mashine za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Ukiiamuru moja ikuandikie insha, itakuandikia kabla chai yako haijapoa. Huweza kukueleza jambo gumu mara 10 bila ya kuchoka, na hilo ni jema. Lakini pia huweza kusema uongo kwa lugha fasaha na kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Tena, kukiri kuwa insha ni yako hali umeandikiwa ni kama kumtuma jirani akimbie mbio kwa niaba yako, kisha ukatarajia miguu yako ipate nguvu.

Basi tufanyeje? Sikushauri uvitupe vyombo hivi. Mfalme wa Misri alikataa herufi, na ulimwengu ulimpita. Nakushauri ufuate yale ambayo historia imekwisha kutufundisha. Shuleni, jaribu swali kwa akili yako kwanza, kisha ulize chombo. Ukifanya kinyume chake hutajua kamwe mpaka wa nguvu zako. Jibu la mtandao lilinganishe na kitabu, au na mtu ajuaye, kabla hujalipa imani yako. Somo ulilolisoma katika kioo liandike tena kwa maneno yako ukiwa umekifunga, kama mtoto wa chuoni alivyolirudia somo lake kabla ya kuuosha ubao.

Nyumbani, panga saa ya chombo kabla chombo hakijakupangia saa zako. Simu isilale chini ya mto wako, kwani usingizi ni sehemu ya masomo. Wakati wa chakula iwekwe kando, ili babu na bibi wapate nafasi ya kusema. Wao wana habari ambazo hakuna mtandao wowote uliozihifadhi, na siku watakapoondoka wataondoka nazo. Na kama kwenu kuna simu moja tu, au hakuna kabisa, usijione maskini wa elimu. Kumbuka maktaba ya msichana yule. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama hakuhitaji umeme.

Msichana huyo alipomaliza kidato cha nne alikuja kuniaga. Aliniambia kuwa daftari lake lile bado analo, na kwamba aliifuta 1903 akaiandika 1901 tena, kwa wino.